Kaseti Kutoka Nyakabere

Vijana wa kituo, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na hotuba tatu, kisha mkaniomba niandike jinsi masomo ya mbali yalivyokuwa kabla ya simu zenu. Saa nimeitundika sebuleni, na kila asubuhi inanikumbusha kwamba ningekuwa nimechelewa. Hotuba nimezisahau. Hili la kuandika nalifanya sasa, ila msitegemee nieleze nilivyopandishwa cheo, wala mshahara ulikuwaje. Ya cheo yako kwenye mafaili, na ya mshahara tuyaache yapumzike.

Siku ya kwanza nilifika Kimanga, mtaa wa Uvira, na kitenge kipya na chaki kwenye mkoba, maana nilikuwa nimetoka kufundisha sekondari na niliambiwa nakwenda kusomesha. Kituo kilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la misumari na mabati. Ndani hapakuwa na mwanafunzi hata mmoja. Palikuwa na mzee aliyevaa koti katika joto lile la Uvira, amekaa anachonga kalamu. Huyo ndiye Muzee Bonaventure, mkubwa wa kituo, mwalimu wa zamani ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa tangu utoto. Nikamuuliza wanafunzi wanaingia saa ngapi. Akanionyesha rafu iliyojaa bahasha.

"Balisha kuingia," akasema. "Kaa, bakusomee."

Akanipa bahasha moja, akataka nisome kazi iliyomo kisha nimwambie aliyeiandika ni mtu gani. Kama amejibu vizuri au vibaya hakutaka kujua. Nilimwambia ni mwanaume mwenye haraka. Muzee akacheka mpaka akakohoa. Karatasi ina tone la mafuta ya mawese, akaniambia, na mwandiko unakatika kila baada ya mistari michache, kwa hiyo huyu ni mama anayeandika huku anapika, na kuni zake ni mbichi, kila mara anaacha kalamu akapulize moto. Niliona ni mzee wa majigambo tu. Baadaye yule mama akaja kufanya mtihani, macho mekundu kwa moshi. Tangu hapo nilisoma karatasi kwa namna ile, na hata leo mkiniletea fomu naangalia kwanza pembeni.

Masomo yenyewe mnayajua, jina tu limebadilika. Yalikuwa ya watu waliokwisha kupata lisansi, ile digrii ya kwanza, wanaotaka kupanda juu zaidi bila kuacha kazi zao: usimamizi wenye ubunifu, usimamizi wa kudumu. Moduli zilitoka mbali, zikipitia Bujumbura kwa lori, zimeandikwa na watu wa nchi za baridi. Zoezi moja liliuliza tutapunguzaje matumizi ya umeme kazini. Wanafunzi wetu wote, bila kusikilizana, walijibu kwamba umeme umejipunguza wenyewe. Profesa akaandika kwamba jibu ni fupi mno. Lile neno la kudumu nalo lilichekesha watu sana, maana vita vilikuwa vimeshapita mara moja juu ya mji, na kila mtu alijua vinarudi.

Vikarudi. Barabara ya uwanda wa Ruzizi ikajaa bariyeri, vizuizi vya askari, na mwanafunzi wetu mmoja alipigwa vibaya kwa sababu askari walimkuta na mchoro wa mfereji wa mashamba. Kwao mchoro wowote ulikuwa ramani. Muzee akafunga ofisi, akafikiri, akaja na akili mpya: hakuna karatasi tena. Kazi zote zitasemwa kwenye kaseti. Mwanzoni mwa kaseti kutakuwa na nyimbo tatu za kwaya, na kazi itaanza baada ya wimbo wa tatu. Askari akitaka kusikiliza, atasikiliza wimbo mmoja, akichoka atakurudishia. Mwanafunzi asiye na kwaya karibu aimbe mwenyewe. Basi nilipata kazi ya kusikiliza wahasibu na wakubwa wa shule wakiimba peke yao, na naweza kuwaambia kwamba elimu ya juu haisaidii sauti. Mimi nilijibu vilevile, nyimbo tatu, kisha masahihisho. Mama Feza, muuza ndagala wa Kimanga aliyepanda uwanda kila wiki na baiskeli yake, alizibeba kaseti chini ya samaki. Alibeba na mapili, zile betri za radio-kaseti, kwa sababu bila mapili hakuna chuo.

Sasa nifike kwa Espérance.

Espérance alikuwa msimamizi wa koperative ya wakulima wa mpunga kule Nyakabere. Mume wake, Ruben, ndiye aliyekuwa akilinda maji ya mfereji. Espérance alikuwa mwanafunzi wangu bora, na nasema hivyo ingawa alinichosha kwa maswali. Kazi yake ya mwisho, ile memwari ya kumalizia masomo, ilihusu mbegu. Wanakoperative walikuwa wamechagua mpunga wao kwa misimu mingi, shina kwa shina, mpaka wakapata mbegu inayovumilia maji yakichelewa. Hapakuwa na mbegu ile mahali pengine. Ilikaa kwenye depo, ghala la koperative, na ikiliwa au ikiibwa, imekwisha.

Kaseti yake ya kwanza tuliisikiliza mimi na Muzee kwenye radio ya ofisi. Nyuma ya sauti yake kijiji kizima kilikuwa kinaishi. Wanawake walitwanga. Ng'ombe walipita na kengele zao. Watoto walikuwa wanarudia maneno yake kwa Kirundi na kucheka, naye akawafukuza katikati ya jibu la swali la pili. Muzee alifurahi sana, akasema huyu anatuletea hata uwanja wa nyumbani kwake.

Kaseti iliyofuata haikuwa na ng'ombe. Nilifikiri wako malisho. Ile ya baada yake haikuwa na vinu, na watoto walikuwa wachache, hawacheki. Kisha watoto wakaisha. Kisha jogoo akaisha. Sauti ya Espérance haikubadilika hata kidogo: jibu la swali la kwanza, jibu la swali la pili, nathibitisha kwa mfano ufuatao. Aliongea kama mtu aliyekaa darasani, na nyuma yake palikuwa pamenyamaza kiasi kwamba nilimsikia akimeza mate. Nilianza kuogopa kubonyeza ile radio. Nilikuwa namngoja Muzee afike kwanza, najidai napanga bahasha.

Nikamuuliza Mama Feza. Feza si mtu wa maneno mengi, ukitoa bei ya ndagala. Akaniambia watu wote wa Nyakabere wamevuka Ruzizi, wako Burundi kambini, na wengine hawakufika. Ruben alipigwa risasi siku ya kwanza ya kukimbia, yeye Feza alikuwepo walipomzika. Mama Leokadia, kiongozi wa akina mama wa koperative, naye alifia njiani. Espérance alizika mume wake, akageuka, akarudi Nyakabere peke yake kukaa na mbegu.

Nilirekodi kaseti siku ileile. Niliimba nyimbo tatu kwa haraka, Mungu anisamehe, nikamwambia atoke. Nilimwambia mtihani utamngoja, chuo kitamngoja, mimi nitamngoja, aje kwangu Kimanga. Jibu lilirudi chini ya ndagala zilizobaki. Aliimba zake zote tatu bila haraka, kisha akasema:

"Madame Furaha, minye nikitoka, mbegu itakuliwa. Ikikuliwa, bantu bakirudia batapanda nini? Munitumie moduli inayofuata."

Moduli iliyofuata ilikuwa juu ya kusimamia watu usiowaona. Kule ilikoandikwa walifikiria wafanyakazi wanaofanyia kazi nyumbani kwao. Zoezi lake lilisema: endesha mkutano na watu walio mbali nawe. Taja ajenda. Uliza swali moja, kisha nyamaza kwa muda wa kutosha mwenzako ajibu. Usijaze ukimya. Mshukuru kwa jina. Nililisoma kwenye kaseti kama lilivyo, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu, nikamtumia.

Kaseti iliyorudi sijaisahau. Baada ya nyimbo, Espérance alifungua mkutano. Aliwakaribisha wababa na wamama wa koperative, akataja ajenda, akauliza: maji ya mfereji wa juu yaanzie shamba la nani? Akanyamaza. Mkanda ukazunguka, tukasikia upepo kwenye mabati ya depo. Kisha akasema, "Aksanti, Mama Leokadia. Umesema vizuri, yaanzie kwa wajane." Akauliza lingine, akanyamaza tena. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeambiwa kitu cha kuchekesha. Akasema, "Hapana, Ruben, ile tulisha kuizungumuzia."

Nikataka kuzima, Muzee akanizuia mkono. Alikuwa amegeuza kichwa, ameweka lile sikio lake bovu karibu na radio, jambo ambalo sikuwahi kumuona akifanya.

"Huyu mwanaume ni nani?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna mwanaume. Akarudisha mkanda nyuma, akasikiliza tena na sikio lile la kushoto. Anakohoa kabla ya kujibu, akasema, kikohozi cha mtu wa majini. Mimi nilisikia upepo. Tulirudisha mpaka mkanda ukaanza kulia, yeye anasikia, mimi sisikii. Nilimwambia ni uzee. Hakukasirika. Alichukua kalamu, akampa maksi, kwa sababu zoezi lilikuwa limefanywa kama lilivyoagizwa.

Mikutano ikaendelea, kaseti baada ya kaseti. Ilikuwa mikutano mizuri, hilo ndilo lililonitesa. Kila ajenda ilifika mwisho. Waligawana maji, walipanga zamu za kufukuza ndege, walipatanisha watu wawili waliogombania mpaka wa shamba. Tangu wakati ule nimekaa kwenye mikutano mingi ya watu wenye damu mwilini, na michache ilikuwa na utaratibu kama ule.

Siku moja Feza akarudi bila kaseti. Kamanda wa bariyeri ya kabla ya Luberizi ameichukua, akasema, amesikiliza upande wa Espérance na upande wangu, na anataka kumuona madame anayeimba vibaya. Ndiyo, mimi. Sikulala vizuri. Muzee alitaka aende yeye, nikamwambia kwa sikio lake lile atakubali mashtaka bila kuyasikia. Nikapanda na Feza.

Kamanda alikuwa amekaa kivulini, radio iko juu ya sanduku la risasi, kaseti yetu ndani yake. Mtu mrefu, mpole kupita nilivyotegemea. Akanipa kiti. Akaniambia yeye mwenyewe aliimba kwaya utotoni, ndiyo sababu alisikiliza nyimbo zote tatu, na ndiyo sababu alifika kwenye mkutano. Nikaanza kueleza kwamba ni mambo ya shule. Akainua mkono.

"Nyakabere nilipita minye mwenyewe," akasema. "Hakuna muntu. Nilisikia mama mu depo, anauliza, na iko banamujibu. Nilifikiri ni sala, sikuingia. Madame, ni banani bale?"

Akaniambia askari wake wanakataa kupita karibu na lile depo, hata mchana, hata kwa amri. Ndipo nilipoelewa kwa nini mbegu ilikuwa bado nzima wakati uwanda wote umekombwa. Moduli zetu zilikuwa na sura nzima juu ya kuhifadhi mazao, na njia hiyo haikutajwa. Kisha akaondoa kaseti, akanirudishia, na sauti yake ikashuka. Kikosi chake kinaondoka siku zile zile. Watakaokuja nyuma yake watachoma kila chenye paa.

"Mukamutoe," akasema. "Bale banaokuja habaogopi kitu."

Hatukurudi Uvira. Tulikwenda moja kwa moja Nyakabere, Feza anasukuma baiskeli, mimi nyuma yake nikijuta kwamba niliwahi kusoma. Jua lilikuwa la mchana kamili. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamegeuka matete. Kijijini milango ilikuwa wazi, na kwenye kila uwanja pamefagiwa. Hilo lilinitisha kuliko maiti. Nyumba zote zile, na mbele ya kila moja alama za ufagio bado mbichi.

Depo lilikuwa wazi pia. Mabenchi yamepangwa kwa mstari, na kila mahali pa kukaa pamewekwa kitu: jembe, kikombe, kitambaa cha kichwa, kofia ya majani, kiatu kimoja. Nyuma ya mabenchi magunia ya mbegu yamesimama, yamefungwa vizuri. Espérance alitoka nyuma ya magunia. Alikuwa amekonda, lakini nguo safi, nywele zimesukwa. Nikamsalimu. Feza akamsalimu kwa Kirundi, salamu yote mpaka mwisho, ya watu, ya nyumba, ya mifugo. Hakujibu. Mnajua huku kwetu hata adui anaitikia. Alitutazama kama mtu anayeona midomo inacheza na hasikii kitu.

Kisha akaleta radio yake, akaiweka kwenye meza ndogo mbele ya mabenchi, akabonyeza vitufe viwili. Vile vigurudumu havikuzunguka. Mapili yalikuwa yamekwisha, na hakujali, au hakuona. Akasimama mbele ya radio akaanza kuimba. Aliimba wimbo wa kwanza wote. Akaimba wa pili. Feza alikuwa ananivuta mkono, analia bila sauti. Espérance akaimba wa tatu, na alipomaliza tu, uso wake ukafunguka.

"Madame Furaha," aliiambia radio, "muliingia muzuri?"

Akanyamaza. Nilichelewa kuelewa. Alipofumbua mdomo kuendelea, ndipo nikajua kwamba ule ukimya ulikuwa nafasi yangu, na nimeipoteza. Nilingoja unaofuata. Akauliza kama njia ilikuwa salama, akanyamaza, nikajibu upesi. Akasema, "Aksanti, madame." Nililia pale pale, sioni haya kuandika. Alikuwa ananisikia, basi, kwa mlango ule mmoja.

Nikataka kumwambia kila kitu kwa mara moja: askari, moto, ukimbie. Kila nilipoingia nje ya nafasi, maneno yangu hayakufika. Akafungua mkutano. Ajenda ilikuwa moja, mbegu ipandwe lini. Akamuuliza Leokadia, akamuuliza mwenye kofia, akamuuliza mwenye kiatu. Feza alikwenda kusimama mlangoni akitazama barabara. Mwishowe Espérance akauliza kama kuna mwenye pendekezo lingine, akanyamaza, nikaruka.

"Napendekeza mukutano uhamie Kimanga," nikasema, "pamoja na mbegu."

Hakushangaa. Akaliweka pendekezo mbele ya mkutano kama sheria inavyotaka. Akapita na macho benchi kwa benchi, kama anayehesabu mikono iliyoinuliwa. Alipofika mwisho wa benchi la mbele, penye jembe, akasimama.

"Ruben hataki," akaiambia radio.

Akanyamaza, na huo ulikuwa ukimya mrefu kuliko wote. Niliona uso wake ukisikiliza. Alikunja kipaji cha uso, akatikisa kichwa, akatabasamu kwa hasira kidogo, kama mke yeyote anayebishana na mume mbele ya watu. Nilitaka kuingia nimseme Ruben. Sikuthubutu. Nililiangalia jembe lile nikamwomba Ruben kimoyomoyo, mimi mwenye shahada mbili: baba, mwachie huyu mwanamke aishi.

Sijui alijibu nini. Espérance alifuta macho kwa kitenge, akasema, "Aksanti, Ruben," akazima radio.

Tulipakia magunia mawili ya mbegu kwenye baiskeli, tukajitwika mengine kwa mabeseni, kiasi ambacho wanawake watatu wanaweza. Espérance alikusanya jembe, vikombe, kitambaa, vyote, akavifunga kwa shuka. Njiani alitembea polepole, na kila mara alisimama, akageuka nyuma, akangoja. Kisha anaendelea. Feza, ambaye alikuwa ametembea barabara ile katikati ya risasi, hakugeuka hata mara moja. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa kuwaona, na aliogopa zaidi asiwaone.

Kwenye bariyeri kamanda alikuwa bado yupo. Hakutupekua. Aliinua mti wa bariyeri mwenyewe kwa mikono miwili, tukapita sisi watatu na baiskeli. Nilipofika mbali kidogo nilitazama nyuma kumshukuru kwa mkono. Alikuwa bado ameinua ule mti, amesogea pembeni, macho chini kwa heshima, kama unavyowapisha wazee mlangoni mwa kanisa. Niligeuza uso wangu haraka. Aliushusha wakati tumeshafika kwenye kona.

Espérance akakaa kwangu Kimanga. Mbegu tuliiweka ofisini, kati ya rafu za bahasha, Muzee akawa mlinzi wake na koti lake. Nyakabere ilichomwa, kama tulivyoambiwa. Na vita vilipochoka, waliobaki hai wakavuka kurudi, wakaja Kimanga kuchukua mbegu yao wakiwa na mabeseni matupu. Walimkuta Espérance barazani. Walimlilia, walimkumbatia, naye hakuwasikia mpaka nilipoleta radio na akaimba zake tatu. Ndipo akawasalimu mmoja mmoja. Aliwaeleza maji yanaanzia shamba la nani na zamu za ndege ni za nani. Wakakubali yote. Katika ile mikutano, walisema, hakuna lililoamuliwa ambalo wenyewe wasingeliamua. Mpunga ukapandwa. Mnaokula wali wa Nyakabere sokoni mnaula bila kujua, na pengine ni afadhali.

Lakini yeye alibaki kwangu, na kwa moyo bado hakurudi kwetu. Alipika, alifua, alisuka nywele za mabinti zangu, na hakusema neno ila kwa radio. Nyumba nzima tulijifunza kungoja nafasi zetu. Muzee aliendelea kumsahihishia memwari, na siku ilipokamilika akasema lazima Espérance akaitetee mbele ya maprofesa huko Bujumbura, kama wengine. Nilimwambia watasema amerukwa na akili, watamtoa nje, na akitolewa nje safari hii hatutampata tena.

"Furaha," Muzee akasema, "weye ulimutoa mu depo. Unataka umufungie mu nyumba?"

Tukaenda. Mapili mapya, tena ya ziada. Chumba kilikuwa kikubwa, maprofesa watatu mbele, mabenchi marefu nyuma, matupu, maana hakuna aliyekuja zaidi ya Muzee na mimi. Niliweka radio mezani na nikawaeleza maprofesa kwamba mwanafunzi atasema kwa njia aliyosomea. Mmoja akatabasamu. Espérance akaimba. Alipoanza wimbo wa pili yule wa kutabasamu akaangalia saa yake, na nilimwombea mabaya. Kisha Espérance akaanza kueleza kazi yake, na niliona wanaacha kuegemea viti, mmoja akavua miwani. Aliongea vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpeleka pale. Aliacha nafasi, wakauliza. Akajibu, akawashukuru kwa majina. Mambo yalikuwa yanakwenda, na mimi nilianza kupumua.

Mwishoni mkubwa wao, mtu mwenye mvi, akauliza lile swali la kawaida kabisa ambalo wanamuuliza kila mtu. Kazi hii umeifanya na nani?

Espérance aligeuka. Kwa mara ya kwanza tangu Nyakabere aliiacha radio nyuma ya mgongo wake. Alitazama yale mabenchi marefu ya nyuma, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na aliongea kwa sauti yake ya kawaida, bila wimbo.

"Wababa na wamama," akasema, "profesa anauliza."

Akanyamaza. Chumba kikanyamaza naye. Muzee Bonaventure, kando yangu, akainamisha kichwa akageuza sikio lake la kushoto. Profesa alifumbua mdomo amsaidie, nami nikamwinulia mkono wangu, akafunga. Tukangoja wote, mpaka walipomaliza kujibu.